Jaji Kwenye Tope la Ndiva

Juzi nilimwona baba mkubwa kwenye runinga, jaji wa rufani, akiingia mahakamani na joho lake. Pua yangu ikanusa tope.

Nilikuwa mdogo, kwetu Vudee. Baba mkubwa, tayari jaji, alikuja likizo, viatu vinanukia dawa ya kung'arishia, na hakutokea kwenye msaragambo, siku ya kijiji kizima kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kwa adhabu, maharage ya bibi yakanyimwa maji. Mchana ule akajitetea mbele ya wazee kwa sauti nzito, kifungu baada ya kifungu, mpaka nikawaonea huruma. Nilijua atawafunga wote.

Mzee wa zamu za maji alimsikiliza hadi mwisho. "Umesema vizuri sana, mwanangu. Jembe lile pale."

Baba mkubwa akakunja suruali, akaingia bwawani. Tope likawa linalia chwa, chwa. Nilimpelekea makande huku machozi yakinitoka.

"Shikamoo, baba. Umefungwa miaka mingapi?"

"Marahaba," akajibu, akihema. "Mpaka jioni."

Kwenye runinga, alipoingia tu, watu wote walisimama. Siku ile, alipoingia kwenye tope, kijiji kizima kilikaa chini kutazama.