Mdudu wa Mluzi na Mdudu wa Kigugumizi

Nilipokuwa mtoto kule Puge, tuliamini kwamba ukitaka kujua kupiga mluzi, sharti mdudu wa lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, akuume ulimi. Kaka yangu alipokwenda kusoma bweni, ng'ombe wakawa wangu, nao waliitikia mluzi tu. Mimi nilitoa pumzi na mate.

Shangazi Kabula, dada yake baba, alinielekeza.

"Mshike yule mdogo anayezungukazunguka juu ya maji. Yule mkubwa anayepiga mbizi, mwache. Huyo humpa mtu kigugumizi."

Wale wadogo, weusi wa kung'aa kama mbegu za papai, walinishinda. Nikinyoosha mkono tu, wametawanyika. Mkubwa, mwenye miguu ya nyuma yenye vinyweleo kama brashi, alipanda juu taratibu kuvuta hewa, nikamdaka. Nikajiambia, mdudu ni mdudu, nikamweka ulimini. Akaniuma, akaniachia na majimaji meupe machungu, ulimi ukafa ganzi.

Nilirudi nyumbani sisemi. Baba aliniuliza habari za ng'ombe, nikaitikia kwa kichwa. Niliogopa nikifungua mdomo neno litakwama.

Shangazi akanifuata jikoni. "Umemshika yupi?"

Nikamwonyesha ukubwa wake kwa vidole.

"Haya, taja jina lako."

"Mi... Milembe," nikasema, nikaangua kilio.

"Hiyo ni hofu, mwanangu. Taja tena."

Nikataja. Likatoka zima.

Asubuhi shangazi aliacha palizi ya mpunga, akajifunga khanga kiunoni, akaingia kwenye tope la lambo pamoja nami na ungo wake wa kupepetea. Tuliwafukuza wale wadogo huku na huko mpaka akateleza, akakaa majini kitako. Baba alikuwa akipita.

"Dada, mtu mzima wewe!"

"Tuache, tuko kazini."

Tulimpata mmoja. Alinifinya kidogo tu, kama ncha ya sindano, na kabla ya mavuno ng'ombe walikuwa wakisikia mluzi wangu na kunigeuzia vichwa.

Sasa naishi mjini Tabora, Kanyenye. Binti yangu ameniambia kwamba wale ni mbawakawa wa familia mbili tofauti, na hakuna kati yao anayefundisha mluzi. Namwamini. Labda ulimi ulioumwa ulijitafutia wenyewe mahali pa kukaa mdomoni. Ila nikiwakumbuka wadudu wale, simkumbuki aliyeniuma. Namkumbuka mwanamke mwenye shamba linalomsubiri, amelowa hadi kifuani, anacheka, na hana haraka ya kutoka majini.