Adija asaka mngurumo wa umeme kichwani mwa Abigaïl

Saa tatu asubuhi, kliniki ya mtaa wa Hewa Bora. Adija Shafi anagawa nywele kwa kitana, anasugua ngozi kwa pamba, anabandika waya mwembamba wa kupima umeme wa ubongo. Ni waya wa ishirini na moja, wa mwisho. Abigaïl, miaka tisa, ametulia kwa sababu mkono wake umo mkononi mwa mama yake, Virginie.

Dawa ya kifafa inamlaza Abigaïl darasani. Mwaka wa tatu wa shule ameurudia mara mbili. Daktari wa ubongo, anayefika kliniki hii mara moja kwa mwezi, ataipunguza tu akiona rekodi safi. Leo yupo, na saa sita anaondoka.

Rekodi si safi. Kwenye kompyuta mistari imevimba, minene kama kamba. Umeme wa nyumba umeufunika ule wa kichwa, ambao ni mdogo mno.

Kipo kitufe cha kuufuta. Adija hakigusi.

"Mwaka moya nilikifinya, mustari ukakuwa muzuri," anasema. "Kumbe waya ilishatoka ku kichwa, kifungo kikaficha. Daktari akasoma uongo wangu."

Anazima taa. Anachomoa feni, anachomoa friji. Bado. Anatoka mbio hadi ng'ambo ya ukuta, ambako kinu cha Papa Chomba kinasaga mahindi na wanawake kumi na mmoja wanangoja unga wa bukari, ugali wa huku, na mabeseni yao.

"Papa Chomba, munisaidie, muzime moulin dakika makumi mbili."

"Mama Adija, juzi ulisema kumi, bantu bakakula bukari saa kenda."

"Kesho atatukataza na kupumua," anasema mwanamke mmoja, na wenzake wanacheka.

Papa Chomba anazima. Adija anarudi, anatazama. Mistari ni ileile.

Saa tano kasorobo. Anafuata kila waya kwa kidole, anapangusa jasho, anaanza upya. Kisha anamwomba Virginie auachie mkono. Mistari inakonda papo hapo, lakini Abigaïl anaanza kulia, na kilio nacho kinaivuruga. Virginie anaushika tena, mistari inavimba.

"Mama, iko nini mu kitambaa?"

Virginie anafungua upindo wa kitenge polepole. Ni simu, na waya wake wa chaji umepita nyuma ya pazia hadi ukutani.

"Ku avenue yetu courant ya umeme hakuna, siku ya tatu leo. Nilisikia haya kuomba."

Adija anachomoa chaji; umeme wake ulikuwa ukimfikia mtoto kupitia mkono wa mama. Mkono unabaki palepale. Dakika ishirini zinapita, mistari safi. Saa sita kasoro robo daktari anasoma, anapunguza dawa nusu. Abigaïl arudi baada ya wiki sita.

Adija hakai. Anarudi kwenye kinu.

"Haikukuwa moulin. Ilikuwa simu. Munisamehe."

Papa Chomba anawasha kinu.

Kwa mshahara wake wa dola mia mbili na kumi kwa mwezi, Adija anataka kununua soketi za kuchajia, aziweke getini kwa mlinzi.

"Bantu bachajie kule, bila haya," anasema, tayari anaelekea kwa mgonjwa anayefuata. "Abigaïl akirudia, sitaki kumunyang'anya tena mukono wa mama yake."