Nilivyomzika Mama Mkwe kwa Barua

Msinicheke sana: mimi, karani wa chuo kikuu na mwimbaji wa kwaya, nilimuua mama mkwe wangu kwa barua. Mpunga wangu kule Ahero ulikuwa umeiva, mafuriko hayasubiri mtu, na wakati wa mitihani msajili hatoi likizo kwa yeyote. Lakini huku kwetu nani atakunyima ruhusa ya kwenda kuzika? Nikapewa siku tatu. Nikavuna, nikarudi na uso wa majonzi, nikapokea pole za watu bila aibu.

Kumbe habari ilifika mpaka juu. Desemba mkuu wa chuo alitukusanya ukumbini, kama kila mwaka, kutueleza hali ya chuo. Alisifu maabara mpya, akaahidi tena kuziba paa la maktaba, kisha akasema, "Kabla ya chakula, tusimame dakika moja. Bwana Ouko alifiwa na mama mkwe."

Nikainamisha kichwa kuliko wote.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Akaingia Mama Akinyi wa Dunga, mzazi wa mke wangu, na sinia la samaki alioitwa kutukaangia. Kuona watu kimya, akaliweka mezani, akasimama kando yangu kwa heshima.

"Pole, baba," akaninong'oneza. "Nani ameaga?"

Msajili akamjibu kwa huruma, "Mama mkwe wake."

Mama Akinyi akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni. "Lakini mama mkwe wake ni mimi," akasema, ukumbi mzima ukasikia. "Kwani huyu ameoa mwingine?"