Shaba Niliyodai Imeibwa

Meza za pool zilipoanza kuenea Musoma, mimi, mzururaji wa kucheza mji hadi mji, nilijipatia fimbo yangu ya vipande viwili. Fundi Ramadhani wa Kamunyonge aliifungia kiungo cha shaba. Ukigonga mpira, mkono unasikia kila kitu. Bado naukumbuka mguso ule.

Kabla ya safari ya Bunda nilimwachia aipige vanishi, kisha nikaichukua nikapanda basi. Kule Bunda fimbo ilikuwa imepoa kabisa, kama nagonga kwa muhogo. Nikashuku: ameitoa shaba, akaweka plastiki.

Niliporudi nilimvamia mbele ya wateja wake.

"Fundi, shaba yangu umeiuza!"

"Kaka, hawa wananiaminiga. Usiniharibie jina."

"Basi ifungue tuone!"

Akaifungua taratibu. Shaba ilikuwepo, inang'aa. Katikati ya vipande kikadondoka kipete cheusi, laini. Mteja mmoja akakiokota.

"Hii si tyubu ya baiskeli? Nani kaiweka?"

Nilijibu nikitazama chini. "Mimi. Nilitaka kiungo kisilegee kwenye basi."

"Haya," akasema yule mteja, "mwambie fundi hilo kwa sauti ileile uliyoingia nayo."