Namba Atakayoishika Mama

Dada anayeuza laini za simu hapa mpakani hufungua simu za wageni kwa ncha ya hereni yake, na laini ya zamani huifunga kwenye karatasi akaandika "nyumbani". Nilipompa pasipoti anisajili, nilidhani atachukua tu laini iliyo juu.

"Nani atakupigia sana, kaka?"

"Mama."

"Anajua kusoma?"

"Hajui. Namba zote anazo kichwani. Yangu ya nyumbani ilimchukua wiki nzima kuishika."

Akamwaga boksi zima la laini mezani. Foleni ikasonya. Yeye macho kafumba, ananong'ona namba mojamoja kama anayeonja mchuzi.

"Hii."

Akaiweka kwenye simu yangu. Nikapiga, nikamtajia mama namba hiyo mara moja tu. Akairudia yote, bila kukosea. Nikageuka nishukuru, dada wa watu keshachomoa hereni, anamuuliza anayefuata, "Nani atakupigia sana?"