Mafuta ya Alizeti Kwenye Breki

Nakumbuka mwaka ule tulikula ugali wa mtama kwa mlenda mkavu, mchana na jioni, mpaka watoto wa kijiji chetu cha Kinyangiri wakasahau ladha ya mahindi. Shamba lilitupa alizeti tu. Mafuta tunayo, cha kukaanga hatuna.

Babu yako Msengi alikuwa anaendesha kijiko kikuukuu, lile trekta lenye baketi mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Walikuwa wanachimba lambo la ng'ombe. Breki zilikuwa zimechoka; ukikanyaga, pedeli inazama kama mguu kwenye tope. Fundi Ramadhani alimwambia nikisikia, "Mafuta ya breki hayanywewi na jua. Yakipungua na chini hakuna tone, yameingia ndani ya difu, huko kwenye ekseli ya nyuma zinakokaa breki. Kifungue, Msengi."

Msengi akacheka. Ng'ombe wana kiu, nani asimamishe kazi? Nikamkuta jikoni na dumu langu la alizeti.

"Unakwenda kukaanga nini, wewe?"

"Breki, mke wangu."

Akayamimina kwenye kopo la mafuta ya breki, zikashika. Akajisifu kijiwe kizima. Zilipoanza tena kuteleza, akawa anaangusha baketi iburute chini mpaka mashine isimame. Waendeshaji wote wa huku walifanya hivyo, wakaona ndiyo ufundi.

Mjukuu wangu, siku moja babu yako aliteremka ukingo wa lambo, akakanyaga, pedeli ikagonga sakafu. Akaangusha baketi. Ikanasa kwenye jiwe, mashine ikapinduka ikamlalia. Mama yako alikuwa tumboni mwangu. Ndiyo maana babu yako unamjua jina tu.

Baada ya maziko Ramadhani alikifungua, nami nikakaa palepale natazama. Pleti za breki zimelika, laini kama kisahani cha chai. Mipira inayozuia mafuta imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Alizeti ni ya sufuria.

Sasa wewe umekuja leo asubuhi, shikamoo bibi, unaniambia pedeli ya kijiko chako ni laini ila ukiipigapiga inashika. Nisikilize. Kiegeshe tambarare, baketi chini, weka magogo kwenye magurudumu. Mafuta ya breki yakiwa yamepungua, fungua difu. Pleti badilisha zote, kulia na kushoto. Ukibadilisha upande mmoja kitakuvuta mtaroni. Weka mipira mipya na mafuta yanayotakiwa na mashine, siyo ya jikoni kwa mama yeyote. Toa upepo kwenye mabomba ya breki mpaka pedeli iwe ngumu. Kijaribu tambarare kabla hujaona mteremko. Bosi akifoka, afoke. Siye nitakayemlilia.

Hukupenda. Ukainamisha kichwa nikuwekee mkono, kama kila ukienda kazini.

"Nibariki niwahi, bibi. Nitaendesha polepole."

"Sikubariki mpaka kisimame."

"Ni leo tu! Kesho nakifungua."

Siku kikisimama kwa breki zake, njoo. Nitakuwekea mikono yote miwili, nikuombee kwa Mungu mvi ambazo babu yako hakuzipata. Leo kichwa chako kiinue, uende kwa fundi.

Sikubariki mpaka kisimame.