Zebedayo wa Kwenye Kioo

Muksini hakuwa mtu wa kupendwa, na hilo halikumkosesha usingizi, kwa sababu na yeye hakumpenda mtu. Alikuwa na banda la gemu nyuma ya soko la Kyela mjini, na wateja wake aliwachukia kwa moyo mkunjufu. Walikuja, wakacheza mpira, wakaondoka. Mpira asubuhi, mpira jioni, timu zilezile, kelele zilezile. Akiwasikia wanavyoshangilia bao la kwenye kioo alitamani azime umeme kwa mkono wake mwenyewe.

"Kuna gemu lingine hapa," alikuwa akiwaambia, kwa sauti ya mtu anayegomba. "Dunia imeungua kwa vita. Miji imebaki magofu, maji ya kunywa unayatafuta kwa roho yako. Unaongoza watu wanne. Unawapa majina, unawapa silaha, kila mmoja anasogea kwa zamu yake. Ukikosea kufikiri, mtu anakufa. Akifa hafufuki, na gemu halikuruhusu kurudi nyuma ukajirekebisha. Hamjaona gemu zuri kama hili na hamtaliona, maana vichwani mwenu mmejaza mpira."

"Mabao yapo?" walikuwa wakimuuliza.

"Tokeni."

Gemu hilo alilikuta ndani ya mashine kuukuu aliyoinunua Kasumulu mpakani, diski imekwama humo, jalada halipo. Hata mtandaoni alikuta watu wachache mno wanaolitaja, na mmoja wao alikuwa analiponda. Muksini alimtukana huyo kwa Kiingereza cha kuokoteza, kisha akarudi kucheza.

Sasa hayo majina ndiyo yaliyoleta balaa. Ukuta kwa ukuta na banda palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga ya Zebedayo, mzee mmoja Mnyakyusa kutoka Ndandalo, mrefu, mkavu, mzee wa kanisa. Kila alipowasha mota umeme ulishuka na vioo vya Muksini vikazimika. Pumba nazo ziliingia hadi kwenye chai. Zebedayo kwa upande wake alisema banda lile ni shimo la kuharibia watoto wa watu. Walishaacha kusalimiana zamani.

Kwa hiyo gemu lilipomuuliza majina ya kikosi, Muksini hakujiuliza mara mbili. Wa kwanza, wa kutangulizwa kwenye mabomu ya ardhini, akamwita Zebedayo. Akampa panga, bunduki akajichukulia yeye. Wa pili akamwita Felista, muuza ndizi aliyezoea kumwaga maji machafu mlangoni mwa banda. Wa tatu akamwita Mwenyekiti, kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye kila kesi alimpa haki Zebedayo. Wa nne alikuwa Muksini mwenyewe. Nia yake ilikuwa wale watatu wafe mmoja mmoja, naye atazame.

Hawakufa. Zebedayo wa kwenye kioo alikuwa kisiki. Alitumwa kwenye nyumba iliyotegwa mabomu, akatoka anachechemea na debe la maji. Siku Muksini wa kwenye kioo alipopigwa risasi, ni Zebedayo aliyembeba mgongoni, na Felista ndiye aliyemfunga jeraha. Mwanzoni Muksini alikasirika kabisa, akaona amedhulumiwa. Baadaye akaanza kumtafutia mzee yule dawa. Ikafika mahali akisikia mota ya jirani inakohoa anaruka kuzima mashine ya gemu kabla umeme haujashuka, asije akamkuta amefia gizani. Alimpenda yule mtu, na aliona haya kumpenda. Nje, akipishana na Zebedayo mwenye nyama na damu, alitema mate.

Mambo yaliharibika Felista alipoingia kuchaji simu. Alisoma jina lake juu ya mwanamke anayevuja damu, kisha akaona la Zebedayo pembeni. Na juma lilelile Zebedayo alikuwa amelala na homa ya baridi. Sokoni hawakuhitaji ushahidi mwingine wa uchawi.

Wakaja mchana: mwenyekiti mbele, Felista nyuma yake, na Zebedayo ndani ya koti zito.

"Ugonile, baba," Muksini alisema. Ilikuwa salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa, na aliitoa kwa kejeli kwa mtu aliyetoka kitandani jua likiwa utosini.

"Usinisalimie," alijibu Zebedayo. "Unaniua humo kila siku. Ndiyo maana natetemeka."

"Waswahili siku hizi wanaroga kwa umeme," Felista akadakia.

Mwenyekiti alisema banda lifungwe. Muksini hakuwa na kazi nyingine, na wala hakuitaka.

"Mzee Zebedayo, kaa ucheze," alisema. "Wenzako waone. Mkimaliza mkasema ni uchawi, nafunga mwenyewe na funguo nawakabidhi."

Zebedayo aliishika pedi ya kuchezea kwa ncha za vidole. Muksini alimwonyesha vitufe huku akimfokea. Lakini yule mzee hakuwa mjinga. Haukupita muda koti likavuliwa. Alimficha Felista nyuma ya ukuta, akamtanguliza Mwenyekiti.

"Kwa nini mimi?" mwenyekiti wa kweli akalalamika.

"Si wewe kiongozi?"

Felista alicheka hadi akakaa chini.

Hapo wakafika darajani. Muksini alipajua na alikuwa akipakwepa siku zote. Adui walikuwa nyuma, na mashine iliuliza nani abaki awazuie ili wenzake wavuke. Atakayebaki hataonekana tena.

"Niache mimi," Muksini alisema haraka. "Huyo mwenye bunduki. Bonyeza!"

Zebedayo alimgeukia. "Ili kesho usikie homa, mtaa useme nimekuua mimi? Sikupi nafasi hiyo. Mwenye jina hili ni mimi. Nikiua, naua wa kwangu."

"Usimwache!" Muksini alisimama, kiti kikaanguka. "Zebedayo, nakuomba!"

Mzee alibonyeza. Zebedayo wa kwenye kioo alibaki peke yake na panga lake, akapigana zamu baada ya zamu, akaanguka, na jina lake likafutika. Muksini aliziba uso kwa mikono akalia, mtu mzima, mbele ya watu aliowachukia.

"Unalia nini?" Zebedayo aliuliza. "Si ulitaka nife?"

"Nilitaka ufe wewe," Muksini alisema. "Yule alinibeba mgongoni."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikohoa, akasema mchawi gani analia hivi, banda libaki wazi. Zebedayo alichukua koti lake akatoka bila kuaga.

Kesho yake Muksini alianza gemu upya. Mashine iliuliza jina la wa kwanza. Alianza kuandika jina jingine, akalifuta; mota ya jirani ilikuwa haijawashwa. Mwisho akaandika Zebedayo.

"Umeniandika tena," ilisema sauti mlangoni.

"Nimekuandika tena. Hutaki, nenda kashtaki."

Zebedayo aliinua kile kiti kilichoanguka jana, akakikagua miguu, akakaa.

"Safari hii nipe bunduki," alisema. "Jana nimekufa na panga mkononi, mshenzi wewe."